Unyevu wa Chumba cha Uani

Mama mkwe wangu hakuwahi kumruhusu mtu mwingine afue shuka zake. Hakuniruhusu mimi, hakumruhusu binti yake wa kumzaa, na mashine ndiyo kabisa hakutaka kuisikia. Alikuwa dobi wa hospitali tangu usichana wake hadi alipostaafu, na mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kila mtu alimwita Bi Shuka. Kazi yake ilikuwa kupokea mashuka ya wagonjwa yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, na kuyarudisha wodini meupe kama vile hayajawahi kulaliwa. Aliniambia siku moja kwamba ukishika shuka la mgonjwa usikunje uso, maana mwenyewe anaweza kuwa anakutazama kutoka dirishani.

Dawa ya klorini ilimlisha yeye na wanawe, na hiyo hiyo ikamharibu pua. Kwa jinsi alivyokuwa ameinamia yale mapipa ya kulowekea mashuka miaka yote, alipohamia kwetu hakuwa anasikia harufu ya kitu chochote. Mboga ingeungua jikoni mbele yake na yeye angeendelea kuchambua mchele. Mimi ni mtu wa wasiwasi, watoto wangu huniita Mlinzi, na jambo hilo liliniongezea kazi. Kila nilipotoka nyumbani nilirudi tena mlangoni kuhakikisha jiko limezimwa.

"Nenda zako bwana," alikuwa akiniambia. "Nyumba ikiungua nitaona moshi. Macho bado ninayo."

Mume wangu alimjengea chumba uani. Zamani hapo palikuwa mahali patupu pa kuanikia nguo, kati ya jiko na bafu. Alijenga kuta mbili, akamwaga saruji chini, akaezeka bati, akaweka dirisha kubwa linalotazamana na jiko kwa sababu mama yake amezoea mwanga. Kazi hiyo aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, kila siku ya mapumziko, na hata mvua ilipomkuta nusu ya ukuta hakuacha. Baba watoto si mtu wa maneno. Sijawahi kumsikia akimwambia mama yake kwamba anampenda, ila nilimwona akilainisha ile sakafu kwa mwiko, akirudia pale pale kama anampaka mtoto mafuta.

Mama hakutaka kitanda. Aliwahi kuanguka kitandani akaumia nyonga, na tangu hapo alilala kwenye godoro la sponji juu ya mkeka. "Nikilala chini nitaangukia wapi?" alisema, akacheka, na mambo yakaishia hapo.

Tuliishi vizuri naye kwa muda mrefu. Kisha nikaanza kuona godoro lake limeegemezwa ukutani uani asubuhi mapema, kabla hata ya chai. Mara ya kwanza sikulitilia maanani. Mara ya pili nikauliza.

"Linanuka joto," alinijibu, akanipa kisogo.

Nikajiuliza kimoyomoyo, mtu asiye na pua amejuaje kwamba godoro linanuka? Lakini mkwe ni mkwe. Nikameza mate nikaendelea na kazi.

Baadaye ikawa kila siku. Kukipambazuka tu namsikia bombani, beseni limejaa, na nikitoka nakuta shuka limeshaanikwa, linachuruzika, na uani pote panafuka klorini hadi macho yananiwasha. Mlango wa chumba chake, ambao siku zote ulikuwa wazi, akawa anaufunga kwa komeo wakati wa kutandika. Siku moja nilimtuma binti yangu wa mwisho akamwite bibi yake aje anywe chai. Akarudi amejishika mdomo, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Mama, godoro la bibi lina maji katikati. Bibi amekojoa!"

Nilimfinya shavu hata kabla hajamaliza. Nikamwambia nikisikia neno hilo tena, hata kwa kunong'ona, atanitambua mimi ni nani. Kicheko kilimkatika, lakini neno lilikuwa limeshatoka na sasa lilikuwa ndani ya nyumba.

Ningeanzia wapi kumwuliza? Kuna maswali ambayo mke wa mtoto hawezi kumwuliza mama mkwe wake, na mtoto wa kiume ndiyo kabisa. Baba watoto alilalamika tu kwamba bili ya maji imepanda. "Mama anafua mno," alisema, akitazama chini. Nikajua kwamba na yeye amelijua jambo, na kwamba hatutalizungumza. Kila mtu nyumbani akawa anapita kando ya godoro lile uani kama anapita kando ya jeneza.

Wifi yangu ndiye aliyelizungumza. Ana moyo mzuri, lakini mdomo wake hauna breki. Alikuja kutusalimia asubuhi moja, akaliona godoro, akanifuata jikoni.

"Wifi, mnamwacha mama alale kwenye majimaji?"

"Sema polepole."

"Polepole ya nini? Uzee si wizi. Ni mkojo tu, wote tutafika huko. Mnunulieni nepi za wakubwa, mtandikieni nailoni, na usiku msimpe chai. Shoga yangu mmoja alimfanyia hivyo baba yake, yakaisha."

"Wifi, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Mnamwogopa? Mimi nitamwambia mwenyewe."

Hakuhitaji kumwambia. Dirisha la uani lilikuwa wazi. Nilisikia beseni likiwekwa sakafuni, taratibu mno, kama mtu anayeogopa lisilie. Mara Mama akatokea mlangoni, kitambaa kichwani, uso umenyooka.

"Mgeni amepewa chai?" aliuliza.

"Nimepewa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kunywa, mwanangu. Mimi leo sisikii kiu."

Tangu siku hiyo nikaanza kukitazama kikombe chake. Kilikuwa kinarudi jikoni nusu, baadaye kikawa kinarudi kimejaa, chai imeota utando juu. Vidonge vyake vya presha alivimeza kwa mate. Tikiti maji, ambalo alilipenda kiasi cha kuliiba jikoni kama mtoto, sasa alimsogezea mjukuu. Midomo yake ilipasuka. Ngozi ya mikono, ile mikono iliyoloweshwa maji maisha yake yote, ukiivuta ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Mama, mbona hunywi maji?"

"Nimekunywa."

"Lini?"

"Wewe Mlinzi wewe! Utanihesabia hadi pumzi?"

Alisema kwa mzaha, lakini hakunitazama. Nilimwambia mume wangu. Akasema mzee akilazimishwa anazidi kukaidi. Nilipika supu nyepesi, alikula nyama akaacha mchuzi. Nilikuwa naamka roho mkononi, nasikiliza kama amekohoa, kama ameamka, kama yuko hai.

Siku moja tulikuwa tunaanua nguo pamoja. Alikuwa amelishika shuka lake, amelivuta pembe mbili kulinyoosha, na mimi bila kufikiri nikashika pembe za upande wa pili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuligusa. Hakuninyang'anya. Tulilikunja mara moja, mara mbili, tukasogeleana.

"Nimefua za watu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuwahi kumcheka hata mmoja. Sasa nafua zangu."

"Mama, ni mambo ya mwili tu."

"Ndiyo. Mwili wangu." Akalichukua shuka akaingia ndani.

Mwisho wa mwezi ule akasema anataka kwenda kukaa kwa binti yake. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Alijikaza kisabuni hadi siku ya safari, akaaga majirani, akanunulia wajukuu biskuti. Chumba alikiacha kimefagiwa, godoro amelisimamisha ukutani, mkeka ameuzungusha akaufunga kamba. Mume wangu alimbebea sanduku hadi kituoni, na aliporudi hakula.

Sikuingia chumbani mle kwa siku kadhaa. Nilipoingia hatimaye, asubuhi, nikiwa na ufagio, nilikuta doa jeusi katikati ya sakafu. Lilikuwa na umbo refu refu, na katikati yake ulipita ufa mwembamba kama unywele. Nilisimama nikalitazama. Godoro lilikuwa ukutani. Mama alikuwa mbali. Hakuna mtu aliyelala humo.

Nilipiga magoti nikaweka kiganja. Baridi, na majimaji. Nikainama hadi pua ikakaribia kugusa saruji, maana kwa mara ya kwanza hapakuwa na klorini ya kunizuia. Hapakuwa na harufu ya mkojo, ila ya udongo mbichi.

Nikaliita jina la Mungu wangu.

Nilipanguza doa kwa tambara. Mchana lilikuwa limekauka lenyewe, sakafu nyeupe, na mtu angeweza kuapa kwamba nimeota. Kulipokucha kesho yake, lipo. Nikamwita baba watoto. Akalitazama, akakuna kidevu.

"Saruji hutoa jasho asubuhi. Ni baridi tu."

"Mbona sebuleni haitoi jasho?"

"Sebuleni kuna joto la watu."

Sikubishana. Niliikausha sakafu, nikatandika nailoni ya mezani juu ya lile doa, nikaibandika pembeni kwa gundi ya karatasi na kuikandamiza kwa mawe. Nilifikiri hivi: ikiwa ni jasho la hewa, nailoni italowa juu. Ikiwa ni kitu kinachopanda kutoka chini, italowa upande wa chini. Asubuhi nilimvuta mume wangu kwa mkono kabla hajavaa viatu. Juu ya nailoni palikuwa pakavu, hata vumbi lilikuwepo. Nikaifunua. Chini yake maji yalikuwa yamekusanyika hadi yakatiririka kwenye vidole vyangu.

Baba watoto akakaa kitako pale pale sakafuni.

Hapo ndipo tukafanya jambo ambalo tungeweza kulifanya tangu mwanzo. Tulifunga mabomba yote ya nyumba, jikoni, bafuni na uani, tukawakataza watoto wasiguse hata koki, tukaenda getini kuitazama mita. Kile kigurudumu chekundu kidogo kilikuwa kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka, na hakuna aliyekuwa anatumia tone.

Fundi bomba alikuja siku hiyo hiyo, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa na utani mwingi. Alifunga koki ya jikoni, akatutuma getini. Kigurudumu bado kilizunguka. Akafunga ile ya kwenda bafuni, kikasimama palepale. Akarudi uani akapima kwa macho kutoka getini hadi bafuni, mstari ulionyooka, na mstari huo ulipita katikati ya chumba cha Mama.

"Chumba hiki kilikuja baada ya laini, sivyo?" aliuliza.

"Ndiyo," mume wangu akajibu.

"Nani huyo fundi aliyejenga juu ya bomba?"

"Mimi."

Fundi akaigonga sakafu kwa kisigino. "Ulijua kwamba linapita hapa?"

"Nilijua. Nikasema chuma ni chuma."

"Chuma nacho huoza, mzee wangu. Kikiwa juu ya ardhi utakiona, ukikizika unazika na macho."

Alipasua sakafu kwa patasi na nyundo. Kila pigo lilipotua, uso wa mume wangu ulijikunja. Chini ya saruji udongo ulikuwa tope, na bomba lilikuwa limeoza pale kwenye kiungo, kutu imeumuka kama mkate, na maji yanachomoza kwa uzi mwembamba. Nilimwuliza fundi kwa nini doa linatokea asubuhi tu.

"Usiku mtaa mzima umelala, mabomba yamefungwa, maji yana nguvu," alisema. "Kukicha kila mtu anafua, anaoga, presha inashuka, jua nalo linapiga bati. Sakafu inakauka. Bomba hili, mama, limekuwa likifanya kazi ya zamu ya usiku."

Alitegemea tucheke. Hakuna aliyecheka.

Nilimpigia wifi simu hata kabla fundi hajakata kipande kilichooza. "Si mama, wifi! Ni bomba! Mwambie sasa hivi, mpe maji anywe!"

"Wifi, tulia," alisema. "Hapa kwangu hajalowesha hata siku moja. Nimemwambia apunguze kunywa na amepunguza. Hiyo ndiyo dawa."

"Haloweshi kwa sababu kwako hakuna bomba chini!"

"Haya, nitamwambia. Lakini usimtie matumaini bure."

Nilitaka kwenda kumchukua siku ile ile. Mume wangu akakataa. Alisema tusimrudishe mama kwenye chumba chenye shimo. Akaenda kununua saruji na rangi, akaziba, akalainisha, akapaka kuta rangi ya samawati aliyokuwa mama yake akiisifia kwenye nyumba ya jirani. Alifanya kazi hadi mikono ikachubuka. Sikuwa na moyo wa kumzuia, lakini kila siku iliyopita niliihesabu.

Rangi haijakauka, simu ikalia. Mama alikuwa ameanguka kwenye kizingiti cha wifi.

Hospitalini walimtundikia dripu. Daktari, msichana wa umri wa mtoto wangu mkubwa, alitutoa nje akatuambia figo zimechoka vibaya. Alituuliza kama nyumbani hakuna maji. Wifi alianza kulia kwa sauti. Daktari akasema akitoka hapo ni lazima anywe, kidogo kidogo kila wakati, akiacha tena figo zitasimama, na zikisimama yeye hana la kufanya. Tulimrudisha kwetu.

Mume wangu alimfungulia mlango wa chumba mwenyewe. Mama alisimama akatazama kuta, kisha sakafu. Aliupitisha unyayo juu ya saruji mpya, taratibu, kama anavyopima shuka kama limekauka.

"Mmekarabati."

"Bomba lilikuwa limetoboka, mama," mume wangu alisema. "Hapo chini kabisa. Haikuwa wewe. Ilikuwa bomba."

"Mm. Rangi nzuri. Poleni kwa kazi niliyowapa."

Nikajua hajaamini. Nilimletea maji kwenye kikombe, akalowesha midomo akakiweka chini. Mchana kikombe kilikuwa vilevile. Jioni nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, nakuomba. Umemsikia daktari. Mkojo haukuwa wako. Hata mkojo haukuwepo."

Alinishika kichwa kama anamshika mtoto mwenye homa. "Mwanangu, mimi nimekaa hospitali. Mtu mzima akijichafua tulikuwa tunamwambia, pole baba, ni chai imemwagika. Pole mama, ni dripu imevuja. Nimesema hivyo maisha yangu yote. Ile sauti naijua. Leo nyinyi mnaniambia ni bomba."

"Basi uliza fundi!"

"Fundi mmemlipa."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya bafu ili watoto wasinione. Kama tungeliacha shimo wazi! Angeliona kwa macho yake, tope, kutu, maji. Tulikuwa tumeziba ushahidi na kuupaka rangi. Na yeye alikuwa anakauka mbele yetu, kwa heshima, bila kumsumbua mtu.

Wazo lilinijia nikiwa nimesimama pale. Lilikuwa wazo la kichaa, na baba watoto aliniambia hivyo hivyo. Lakini nilimpigia simu fundi.

"Fundi, nataka uje uvujishe."

"Nizibe nini, mama?"

"Usizibe. Uvujishe. Lile bomba la chumbani, nataka livuje kama lilivyokuwa."

"Mama, tangu nianze kazi hii naitwa kuziba. Nikirudi kwa mke wangu nikamwambia leo nimeitwa kuvujisha, atasema nimeanza kunywa."

"Njoo tu, nitakueleza."

Nilipomweleza hakutania tena. Alipasua saruji mpya kiasi cha sahani, mbele ya Mama aliyekuwa ameketi mlangoni ameshika tama. Mume wangu alisimama kando na ndoo ya kifusi. Fundi akalegeza kiungo kipya kidogo tu hadi maji yakachomoza kwa uzi, akarudishia udongo na vipande vya saruji, akakanyaga pakawa sawa.

"Sasa, mama," nikamwambia mama mkwe wangu, "leo unalala na watoto. Godoro lako tandika mwenyewe, shuka funga mwenyewe, mlango funga mwenyewe, na ufunguo kaa nao wewe."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atakataa. Kisha akainuka, akatandika mkeka, akatupa godoro juu yake, akachomekea shuka pembe zote kama za wodini. Alifikiri kidogo. Akaniagiza nimsaidie kuburuta sanduku lake la nguo, tukaliweka katikati ya godoro.

"Huyu ndiye mimi usiku wa leo," alisema. "Tuone kama atakojoa."

Akafunga mlango, akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga yake.

Sitasema nililala. Niliwaza kila kitu. Je, maji yakikatika mtaani usiku huu? Je, kiungo kikipasuka na chumba kikajaa? Je, pakiwa pakavu, nitamwambia nini tena, na atakuwa na sababu gani ya kuninyanyulia hata kikombe kimoja?

Kulipopambazuka alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni kwake, anahangaika na fundo la khanga kwa vidole visivyo na nguvu. Sikumsaidia. Alifungua. Tuliliondoa sanduku pamoja. Katikati ya shuka jeupe palikuwa na duara la maji, kubwa kama sinia, lenye ukingo wa rangi ya udongo.

Aliweka kiganja juu yake, akakikandamiza, maji yakapanda kati ya vidole.

"Mimi sina pua," alisema. "Nusa wewe."

Niliinama nikanusa. "Maji, mama. Maji na kutu."

Akakaa juu ya sanduku. Sikuona furaha usoni mwake. Nilikuwa nimetegemea atacheka, au atanikumbatia, au angalau atashusha pumzi. Alikaa tu, mkono umelowa, anautazama.

"Mwite mwanangu."

Mume wangu alikuja, akasimama mlangoni, akaliona shuka.

"Chumba hiki umekijenga juu ya bomba?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema alisahau. Nilimwombea aseme hivyo. "Nilijua," alisema.

"Nimeacha kunywa maji," mama yake alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasimulia habari za jirani. "Nimekaa kwa dada yako, nikipita kwenye mtungi nafumba macho. Nilikuwa naota nakunywa. Naamka nashukuru Mungu ni ndoto, maana ningelowesha."

Mume wangu akaufunika uso kwa mikono yake.

"Nileteeni maji," alisema Mama.

Alikunywa kikombe, akaomba kingine. Cha tatu tumbo lake lilikikataa, akatapika uani, akapangusa mdomo, akaomba tena. Tuliona kama tumeshinda. Lakini mwili haukurudi kama yeye alivyorudi. Miguu ilianza kuvimba, uso nao, na kliniki wakapima damu wakatuambia figo hazikupona, zimebaki na nguvu kidogo sana. Sasa akinywa mengi yanabaki ndani yake na kumjaza mapafu. Daktari yule yule aliyetuambia anywe akatupa kikombe kidogo chenye mstari, akasema asivuke hapo kwa siku nzima.

"Nilipokuwa sitaki mlinibembeleza," Mama alimwambia daktari. "Sasa nataka, mnaninyima. Nyinyi mna kazi nzuri sana."

Bomba tumelihamisha, linapita nje kando ya ukuta, juu ya ardhi, kila mtu analiona. Wifi huja mara kwa mara, sauti yake imepungua, na safari hizi hukaa na mama yake bila kutoa ushauri wowote. Shuka sasa nafua mimi. Mama huketi uani akinielekeza, ananilaumu kwamba siminyi vizuri, kwamba ninaanika kama ninayetupa.

Maji yake ya siku hugawiwa na mwanawe, si na mimi. Baba watoto haendi kazini kabla hajafanya kazi hiyo, na akirudi jioni humpa yaliyobaki. Humimina taratibu, macho kwenye mstari, kisha hupiga magoti mbele ya kiti. Mama hunywa funda dogo, hulizungusha mdomoni, hulimeza, husubiri, hunywa jingine. Hawasemezani. Akimaliza hukigeuza kikombe kuhakikisha hakuna tone lililobaki, humrudishia bila kusema asante, naye hukipokea kwa mikono miwili.